Mgonjwa Hayupo

Hadi jua lilipofika utosini mtungi wa pombe ulikuwa bado umefunikwa, na katika watu ishirini walioalikwa, aliyekuwa amefika kwa Otilia ni Isdori peke yake.

Na huyo Isdori naye hakuketi. Alisimama uani na jembe lake begani, akalitazama shamba, akautazama mtungi, kisha akavitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Otilia alikuwa amepita nyumba kwa nyumba Jumapili baada ya misa, akamwita kila mtu kwa jina, na kila mtu akamwitikia vizuri: tutakuja mama, kazi ya matuta hiyo, nani aikose. Kabla ya hapo alikuwa ameuhangaikia ulezi siku nyingi, kuulowesha, kuuotesha, kuuanika, kuusaga, kuupika. Kimpumu cha Otilia, pombe hiyo ya ulezi, kilisifika hadi Chala. Kilikuwa kizito, chenye uchungu kidogo mwishoni, kinachotaka kumiminiwa maji ya moto, mirija mirefu, na watu wa kukizunguka.

"Watakuja," Isdori alisema.

"Saa hizi, baba?"

 Isdori alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, fundi wa kuimbisha watu shambani, na si mtu wa kukosa maneno. Siku hiyo yalimkauka. Ndipo Otilia akaona kitu kimechomoza mfukoni mwa shati lake, kijiti cha tete kilichokatwa upya, kimefungwa na kipande cha gazeti.

"Umekuja na mrija wako?"

"Mama, nisamehe. Mke wangu ndiye aliyeniwekea." Akausukuma mrija ndani ya mfuko kana kwamba ungezama usionekane tena. "Wewe hakuna mwenye neno nawe, mama. Hata mmoja. Lakini Kasimiri yumo humo ndani, na watu wanajua anaumwa nini, na mrija unatoka kinywa hiki unaingia kinywa kile."

"Kasimiri hanywi. Hata uji haumpiti."

"Najua."

"Sasa?"

"Wanasema vyombo ni vilevile."

 Isdori akashuka shambani akachimba peke yake mpaka alasiri, akainua matuta kumi na moja, akarudi kuaga. Hakunywa. Alisema tumbo linamsumbua. Siku tatu baadaye pombe ilichacha, Otilia akaimwaga nyuma ya nyumba, nguruwe wa jirani wakaja wakainywa wakalewa, wakalala katikati ya njia huku watoto wakiwacheka. Otilia naye alicheka, maana alikuwa amekwisha kulia.

* * *

Asiyeujua uwanda wa Ufipa atashangaa mtu kulilia matuta. Lakini huko nyasi ndizo mbolea. Mvua zikiwa bado hazijaondoka, Februari hadi Machi, watu huzifyeka nyasi mbichi, huzirundika, huzifukia kwa udongo na kuinua matuta makubwa ya duara wanayoyaita ntumba, maharage yakapandwa juu yake. Nyasi zinaoza humo ndani, na Novemba tuta linatawanywa, unapandwa ulezi, yanapandwa mahindi. Asiyeinua matuta mwaka huu, mwakani hana chake. Zamani kidogo ushirika ulikuwa unakopesha mbolea ya mifuko. Sasa ofisi ya ushirika ilikuwa na kufuli lenye kutu, na mbolea ilikuwa Sumbawanga, madukani, kwa fedha taslimu. Wasukuma waliohamia bondeni walikuwa na maksai wa kulima, wazuri kweli, nao walitaka fedha taslimu. Otilia fedha hakuwa nayo. Mali yake ilikuwa mikono miwili ya miaka sitini na moja, na ufundi wa kupika pombe.

Nyumbani mlikuwa na watu wanne. Kasimiri, mwanawe, aliyekuwa kuli wa kupakia malori mpakani Kasesya, alirudi Desemba akiwa mfupa na ngozi. Mkewe, Monika, alikuwa ametangulia mwaka uliopita kwa ugonjwa huohuo ambao pale kijijini kila mtu aliujua jina na hakuna aliyelitaja. Wakabaki mabinti wao wawili, Evodia wa darasa la sita, na Luciana ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, mwenye miaka sita.

Na ulikuwapo mradi. Kila mwezi bwana mmoja kijana, Theodory, alikuja na pikipiki akiwa na orodha ya nyumba zenye wagonjwa. Nyumba iliyomo kwenye orodha ilipata mfuko wa ulezi wa uji, karanga kidogo, sabuni, na mtoto mmoja alilipiwa ada. Theodory alikuwa na adabu. Aliamkia shikamoo mpaka akaitikiwa, aliketi kwenye kigoda kifupi bila kukipangusa, akaenda ndani kumwona mgonjwa, akamshika mkono. Lakini hakuficha neno.

"Mama, mradi huu ni wa mwaka mmoja," alimwambia tangu siku ya kwanza. "Septemba unafungwa. Nisikudanganye."

"Na baada ya Septemba?"

Theodory akakuna kidevu. "Tunaomba Mungu, mama."

Otilia alikuwa mtu wa sala, rozari haikumtoka shingoni, lakini alijua Mungu hafukii nyasi.

* * *

"Niondoe, mama," Kasimiri alisema.

Ilikuwa jioni, siku ya nguruwe walevi. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na moto, blanketi limemfika kidevuni. Alikuwa amesikia kila alichosema Isdori, kwa kuwa ukuta wa udongo hauzuii maneno.

"Nikuondoe uende wapi?"

"Waambie umenipeleka hospitali Sumbawanga."

"Hospitali wamekurudisha."

"Wao hawajui. Sema Kasimiri yuko wodini. Halafu osha vyombo vyako mbele yao, pika tena, waite tena. Watakuja. Isdori akisikia sipo atawaleta mwenyewe."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Kasimiri akageuza macho kuelekea mlango uliokuwa wazi. Uani, juu ya mawe yake manne, kilisimama kihenge, mviringo wa fito zilizokandikwa udongo na paa la nyasi kama kofia. Mwezi wa tatu vihenge vya watu wengi huwa vimebaki na vumbi. Hiki hakikuwa na hata punje.

"Mwanangu," Otilia alisema, "kihenge ni cha nafaka."

"Hakina nafaka."

"Sitakuweka kwenye kihenge kama gunia. Niliyekuzaa ni mimi. Wasipotaka kuja wasije."

"Mama, mimi sitaula huo ulezi wa mwakani," Kasimiri alisema polepole, kama anamweleza mtoto. "Ni wa Evodia na Luciana. Mimi nataka kulala huku nikijua matuta yapo."

Otilia alikataa siku mbili nzima. Siku ya tatu alishuka shambani na jembe, akachimba tangu asubuhi, akainua matuta manne, na la nne lilikuwa dogo kuliko aibu yake. Alipojinyoosha akaziona nyasi zimeanza kutoa mbegu. Baada ya wiki mbili tatu zingekauka, na nyasi kavu haziozi. Akarudi nyumbani, akaushusha mfuko wa ulezi wa mradi kutoka darini, akaumimina kwenye beseni la maji.

Evodia alikuwa anapepeta karanga. "Bibi, huo ni wa uji. Bwana Theodory alisema usipikiwe pombe. Alisema mara mbili."

"Huu uji ni wa mwezi mmoja, mjukuu wangu. Matuta ni uji wa mwaka mzima. Yeye Theodory ni mtoto wa Kifipa, atajua."

Msichana akautazama ulezi ukizama. Alikuwa na akili za darasani, nambari wani wa hesabu, na hesabu ya bibi yake hakuiona kosa.

* * *

Jumatatu iliyofuata alfajiri Otilia na Evodia walimnyanyua Kasimiri wakampandisha kihengeni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Otilia alijisikia kuudhika, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Wakamtandikia majani na gunia, wakamwachia chupa ya maji. Saa tatu Otilia alikuwa kisimani akiwasimulia wanawake kwamba mwanawe amekwenda na lori la mahindi, yuko wodini Sumbawanga, na huenda wakamweka miezi. Wanawake wakampa pole. Wakamshika na mkono, jambo ambalo hawakulifanya tangu Desemba.

Luciana aliambiwa hivyohivyo, maana mtoto wa miaka sita hafungiki mdomo. Alilia kwa sababu baba yake hakumuaga.

Jumamosi walikuja watu ishirini na sita.

Walikuja na majembe na mafyekeo, wakicheka tangu njiani. Mke wa Isdori alifika wa kwanza, akakunja kanga kiunoni, akasema, "Nikusaidie vyombo, mama," kisha akavibeba vyungu vya Otilia, vibuyu vyake, mitungi yake, akavisugua kwa majivu na mchanga, akavisuuza, akavisugua tena. Mara tatu. Otilia alisimama kando na mikono yake mitupu akiangalia vyombo vyake safi vikioshwa kama vya mchafu. Akajikaza kisabuni, akasema asante.

Kazi ikaenda. Ah, ikaenda! Waliokuwa mbele wakifyeka, wa kati wakirundika, wa nyuma wakifukia, na Isdori akitembea kati yao akiimba, nao wakimwitikia kwa jembe. Ilipofika saa tano nusu ya shamba ilikuwa imesimama matuta, meusi, yananukia udongo mbichi. Wakapanda kunywa duru ya kwanza. Otilia alikuwa ameuweka mtungi mbali, kwenye mti mkavu wa mkungugu ulio ng'ambo ya ua, lakini jua lilikuwa kali na vijana wakaubeba wakauleta kwenye kivuli. Kivuli kilichokuwapo ni cha kihenge.

Wakaketi hapo wote duara. Maji ya moto yakamiminwa, mirija ikashuka. Mmoja akauegemeza mgongo wake kwenye udongo wa kihenge, akakigonga kwa kisigino. "Mama Kasimiri, hiki kitupu kabisa. Mwakani tutakipasua kwa ulezi." Wakacheka. Otilia akasikia ndani ya kihenge kitu kama mtu anayekwaruza gunia, akajua ni kikohozi kinachorudishwa tumboni kwa nguvu. Akapiga kigelegele. Wanawake wakadhani ni cha ulezi wa mwakani, wakamwitikia.

Ndipo pikipiki ikasikika.

* * *

Haikuwa siku yake. Theodory alikuja kila mwisho wa mwezi, na ile ilikuwa tarehe kumi na tatu. Alishuka, akavua kofia, akawaamkia wakubwa, akapokea salamu za wadogo. Alikuwa na jalada jipya kwapani.

"Mama, samahani, nimekuja bila taarifa. Mabwana wa mradi wanataka kila mgonjwa aonwe upya wiki hii, na mimi na mwenye nyumba tutie sahihi. Yuko ndani?"

Mirija ilikuwa midomoni. Hakuna aliyenyonya.

"Nimempeleka Sumbawanga," Otilia alisema. "Yuko wodini."

Theodory hakuwa na ubaya. Angekuwa na ubaya asingesema kwa sauti. "Lini, mama? Mimi jana nilikuwa hospitali. Nilikuwa na mgonjwa mwingine, nikapita wodi ya wanaume kitanda kwa kitanda. Kasimiri hayupo."

Watu wote wakamgeukia Otilia. Mke wa Isdori akautoa mrija mdomoni taratibu, akaushika mkononi, akautazama.

Theodory alikuwa amekwisha kuona. Kwenye kamba ya nguo ulianikwa mfuko wenye alama ya mradi, mtupu, na chachu ya ulezi imeugandia. Akamsogelea Otilia mpaka sikioni.

"Mama, la ulezi mimi nitalimeza. Nimelelewa na matuta ya pombe hayahaya, naelewa. Lakini mgonjwa lazima nimwone kwa macho. Nionyeshe alipo, hata kama ni kwa ndugu, nakwenda huko sasa hivi. Nikiandika hayupo, nyumba inatoka kwenye orodha."

"Na ada ya Evodia?"

"Inatoka pia."

Kihenge kilikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Kunyoosha kidole tu, basi. Theodory angepanda, angemwona, angetia sahihi, na Evodia angesoma hadi Septemba. Na watu ishirini na sita wangeinuka, wangetemea mate mchangani, wangeshika majembe yao na kwenda zao kwa heshima zote, na nusu ile ya shamba ingebaki nyasi. Otilia alilitazama shamba. Aliwatazama watu. Kihenge hakukitazama.

"Amenitoroka!" alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyoitaka. "Basi jueni wote. Nilimpandisha lori aende hospitali, naye kashukia njiani. Nimesikia yuko Kasesya, kwa mwanamke wake wa huko. Kaniachia watoto. Kafiwa na mkewe, kaniletea watoto, kala uji wa watoto, halafu kawatoroka watoto."

Ilitosha. Lakini uongo ukishafunguliwa mdomo hautaki kufungwa, na Otilia akaendelea, akisema mambo ambayo hakuna aliyemwuliza: kwamba tangu utotoni hakuwa na huruma, kwamba tumbo lililomzaa lilipata hasara. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kweli kabisa, na ndiyo maana kila mtu alimwamini. Wanawake wakaanza kusikitika. Mke wa Isdori akaurudisha mrija mtungini.

Luciana alikuwa amesimama karibu na jiko na birika la maji ya moto aliloambiwa alete. Alisimama vile mpaka Evodia alipokuja kumpokea.

Theodory akafungua jalada juu ya tangi la pikipiki. Akaandika kwa herufi kubwa kwenye mstari wa Kasimiri: MGONJWA HAYUPO. Akampa Otilia kalamu. Otilia alijua kusoma, alisomeshwa na masista. Akasoma, akatia sahihi.

"Pole sana, mama," Theodory alisema. Pikipiki yake ilikataa kuwaka mara mbili kabla ya kuwaka.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Huruma ni pombe pia, na watu walishuka shambani wakiwa wameinywa zote mbili. Walichimba kwa hasira ya kumchimbia mama aliyetelekezwa. Na Isdori, aliyekua pamoja na Kasimiri, aliyechunga naye mbuzi na kuimba naye kwenye matuta ya watu wengine miaka ishirini, akatunga wimbo palepale:

*Mama kalia uani, mwana yuko wapi?*
*Kavuka mpaka, kamsahau mama.*
*Fukia nyasi, fukia, mwana yuko wapi?*
*Fukia na jina lake, hatulitaki tena.*

Wakauimba mpaka shamba likaisha. Sauti zao zilifika uani vizuri sana.

* * *

Walipoondoka wote, Otilia alipanda akainua paa. Kasimiri alikuwa ameketi, magoti kidevuni. Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko, na mahali pawili meno yalikuwa yameupenya.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Lote?"

"Lote, mpaka kwenye mtaro."

Kasimiri akafumba macho. "Isdori hajapoteza sauti," alisema. "Wimbo mzuri."

"Mwanangu, nisamehe."

"Ungesema nini kingine, mama?"

 Na hapo ndipo wote wawili walipoliona lile ambalo mchana hakuna aliyelifikiria: aliyetorokea Kasesya hawezi kuonekana amelala mkekani kwa mama yake. Watu walikuwa wamekunywa. Wangejua wamekunywa wakiwa wameegemea mgonjwa. Na Novemba matuta yangetaka kutawanywa, na wa kuyatawanya ni haohao.

Basi Kasimiri akabaki kihengeni. Otilia alimpelekea uji asubuhi kama mtu anayekwenda kufukuza panya, akamgeuza, akamfuta. Uwanda ule una baridi, na Aprili ina upepo. Alimbembeleza aingie ndani usiku, naye akakataa kwa sababu Luciana alikuwa na tabia ya kuamka. Evodia alirudishwa nyumbani kutoka shuleni na barua ya ada, akaikunja, akaiweka darini pale ulipokaa mfuko wa ulezi. Hakulalamika. Alianza kuteka maji ya watu kwa malipo.

Luciana ndiye aliyebadilika. Alichezea chini ya kihenge kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Alikuwa na gunzi la hindi alilolivika kitambaa, na zamani lilikuwa mtoto wake. Sasa lilikuwa baba. Alilisimamisha kwenye jiwe, akalikemea kwa sauti ya bibi yake. "Tumbo lilipata hasara. Kaa hukohuko. Sikutaki." Kisha alilipiga kwa kijiti, akalizika mchangani, akalifukua, akalipiga tena. Kihenge kilikuwa kinanyamaza juu yake.

Siku moja Otilia alipopeleka uji, Kasimiri alimshika kanga.

"Mwambie kidogo tu."

"Atasema kwa wenzake, baba. Kesho kijiji kizima kitakuwa hapa."

"Kidogo tu, mama. Kwamba siko mbali."

Otilia alishuka. Alimwita Luciana, akamkalisha mapajani, akafungua mdomo. Akayaona matuta kule chini, maharage yameshika, majani mawili mawili. Akamsuka nywele, asiseme kitu. Kasimiri hakuomba tena.

* * *

Alikufa mwanzoni mwa Mei, asubuhi yenye ukungu, maharage yakiwa kwenye maua. Otilia na Evodia walimshusha wakamlaza mkekani, wakamtoa majani nyweleni. Ndipo Otilia akapiga yowe. Kwa waliokuja mbio alisema amerudi usiku, hoi, akamfia mikononi.

Watu walikuja, na walikuja vizuri, hilo lisemwe. Wakaleta kuni, wakaleta unga. Wanaume wakachimba kaburi kando ya la Monika. Isdori ndiye aliyechimba kuliko wote, na hakuimba. "Angalau alikumbuka kwao," walimwambia Otilia mmoja baada ya mwingine. "Angalau alirudi kwa mama yake." Naye kwa kila mmoja alijibu, "Ndiyo, alirudi."

Katekista alisoma sala, akanyunyiza maji ya baraka. Jeneza la mbao za msindano likashushwa. Evodia akatupa udongo wake. Katekista akamwonyesha Luciana: zamu yako, mtoto.

Luciana akaificha mikono nyuma.

"Mtupie baba udongo, mama," mke wa Isdori alimwambia kwa upole.

"Sitaki. Alitutoroka."

Watu wakainamisha vichwa. Mmoja alisikika akisema mwacheni, mtoto hasemi uongo. Katekista alikuwa ameanza kumruka, amemgeukia Isdori mwenye koleo, na jambo lingepita hivyohivyo. Otilia alijua litapita. Alijua pia ni nini atakachokipoteza. Aliwaona wote pale, majembe yake yote ya Novemba, wamesimama mbele yake.

"Luciana," alisema. "Baba yako hakutoroka."

"Ulisema."

"Nilisema uongo. Niliwadanganya wote hawa." Aliongea na mtoto, lakini kaburini hakuna sauti inayopotea. "Hakwenda hospitali, hakwenda Kasesya. Alikuwa ndani ya kihenge. Siku ya pombe alikuwa humo, na siku zote baada ya hapo alikuwa humo, mpaka jana. Mimi ndiye niliyemweka, ili watu wafukie nyasi na ninyi mpate kula. Yeye ndiye aliyetaka. Alikubali atukanwe mle ndani na asikohoe."

Mke wa Isdori alipeleka mkono mdomoni na kuuacha hapo. Wawili watatu walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Isdori alikuwa ameshika koleo lenye udongo, na udongo ulikuwa unamwagika kidogo kidogo juu ya viatu vyake, naye hauoni.

Luciana alikuwa anafikiri. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mzima.

"Alikuwa ananisikia?"

"Kila siku."

"Hata nilipompiga na kijiti?"

"Hata hapo."

Mtoto akaitoa mikono mgongoni. Akachota udongo kwa yote miwili, mwingi kuliko aliouweza, akaenda mpaka ukingoni akiuangusha njia nzima. Hakuutupa. Akapiga magoti, akachungulia chini, na kwa sauti ya mtu anayemwita aliye karibu tu, akasema:

"Baba, ni mimi."